Kamari ya Southgate na deni la Saka

MECHI ikishaisha, kila kijiwe kina kocha. Sub ikijibu, mwalimu ni fundi. Ikigoma, hajui mpira, afungashiwe virago. Kwa mtindo huo hakuna uamuzi wa dakika za mwisho unaojadiliwa kwa haki, kwa sababu ubao wa matokeo umeshatoa hukumu.

Fainali ya Euro 2020, iliyochezwa Wembley Julai 11, 2021, ni mfano ambao mashabiki hawajaacha kubishania. England na Italia zilikuwa 1-1. Dakika 120 zikielekea ukingoni, Gareth Southgate akawaingiza Marcus Rashford na Jadon Sancho kwa kazi moja tu: kupiga penalti. Rashford akagonga mwamba. Sancho akapanguliwa na Gianluigi Donnarumma. Ya tano, iliyobeba roho ya taifa zima, akapewa Bukayo Saka, dogo wa miaka 19. Naye akapanguliwa. Italia ikabeba ndoo kwa penalti 3-2.

Wanaomtetea Southgate wanamkumbusha kila mtu Louis van Gaal. Kombe la Dunia 2014, robo fainali dhidi ya Costa Rica, kocha huyo wa Uholanzi alimtoa kipa Jasper Cillessen mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza na kumwingiza Tim Krul. Krul akapangua mbili, Uholanzi ikapita kwa 4-3. Dunia ikamwita Van Gaal mjanja. Sasa kwa nini Southgate aitwe mbumbumbu?

Hoja ina mvuto, lakini kamari hizo mbili hazifanani. Kipa anayeingia kwa ajili ya penalti ana nafasi kadhaa. Akifungwa tatu na kudaka mbili, ni shujaa, na akifungwa zote hakuna wa kumlaumu sana. Mpigaji ana mkwaju mmoja. Rashford na Sancho walikaa benchi zaidi ya saa mbili, wakaingia miguu ikiwa ya baridi, na karibu mguso wao wa kwanza wa maana ukawa ndio wa kuamua kombe. Van Gaal alimpa mtu wake nafasi ya kusahihisha makosa. Southgate hakuwapa.

Tena, baada ya mechi Southgate hakukimbia. Alisema wapigaji aliwachagua yeye, kutokana na walichokionyesha mazoezini. Huo ni uungwana. Tatizo ni kwamba mazoezini hakuna Wembley iliyojaa, na kocha huyo alilijua hilo kuliko yeyote, maana mwaka 1996, Wembley hiyohiyo ya zamani, alikosa penalti dhidi ya Ujerumani kwenye nusu fainali. Usiku ule wa 2021 kocha alikubali kosa, lakini matusi ya kibaguzi waliyamwagiwa vijana watatu weusi. Deni la benchi likalipwa na wachezaji.

Jibu la mjadala huu alilitoa Southgate mwenyewe. Julai 2024, robo fainali ya Euro dhidi ya Uswisi, England ilifika tena kwenye matuta. Safari hii Cole Palmer aliingia dakika ya 78, Ivan Toney ya 109 na Trent Alexander-Arnold ya 115. Wakagusa mpira, wakatoa jasho, ndipo wakapiga. Wote wakafunga. Saka naye akafunga. England ikashinda 5-3.

Kwa hiyo kumkosoa kocha si dhambi, wala kufanya mabadiliko ya penalti si ujinga. Swali la kuulizwa kijiweni lisiwe kama sub ilijibu. Liwe hili: huyo aliyeingizwa alipewa muda wa kupasha, au alipewa tu mzigo wa kubeba?