Kabla ya kununua daraja la gitaa, chukua rula

Daraja la gitaa lako la umeme limechakaa. Skrubu zimeshika kutu, mkono wa tremolo umelegea, na ukimaliza nyimbo mbili lazima utyuni upya. Unaingia mtandaoni, unaona daraja linalong'aa, limeandikwa eti linafaa gitaa zote. Bei si mbaya. Kidole kiko karibu kubonyeza. Ngoja kwanza.

Hakuna daraja linalofaa gitaa zote. Muuzaji anayekuambia hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia, na mara nyingi hata yeye hajui kilichomo. Cha kuangalia si rangi wala jina la kampuni. Angalia nafasi ya nyuzi, yaani umbali kutoka katikati ya uzi mnene wa E hadi katikati ya uzi mwembamba wa E, ukipima pale nyuzi zinapokalia daraja. Kwa gitaa za umbo la Stratocaster, vipimo utakavyokutana navyo sana ni milimita 52.5, 54 na 56 hivi. Ukiona 10.5 usishtuke; hiyo ni nafasi kati ya uzi na jirani yake. Zidisha mara tano, maana nyuzi sita zina nafasi tano katikati yake, upate 52.5.

Sasa utasema, milimita tatu na nusu ni kitu gani bana? Tufanye hesabu. Ukiweka la 56 mahali pa 52.5, kila uzi wa pembeni unasogea nje milimita 1.75. Ukifika freti ya 12 umesogea karibu milimita 0.9, na kwenye freti ya 22 karibu 1.3. Huko juu uzi mwembamba huwa umebakisha nafasi finyu tu hadi ukingo wa shingo. Ukiutikisa kidogo, unateleza nje ya ubao. Jumapili, kanisa limejaa, kwaya imekuachia solo, halafu noti inakufa mkononi mwako. Hapo nani atakuelewa ukianza kueleza habari za milimita?

Mtego unaonasa wengi, kwa maoni yangu, ni kwamba daraja lina vipimo viwili na muuzaji hukupa kimoja. Kuna nafasi ya nyuzi, na kuna nafasi ya skrubu au nguzo zinazolishikilia kwenye mbao. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954, daraja lake lilikuwa na skrubu sita, na vipimo vyote viwili vilikaribia 56. Miaka ya 1980 Fender wakaleta daraja la nguzo mbili: nguzo zimeachana milimita 56 na ushei, lakini nyuzi ni 52 na ushei. Chuma kimoja, namba mbili. Gitaa nyingi za bei nafuu kutoka Asia nazo zina skrubu sita zilizopangwa kwa 52.5. Kwa hivyo mtu akikwambia "ni 56", muulize: 56 ya nini?

Kuna wasee watakaokwambia usijali, fundi atatoboa matundu mapya. Mimi sikubali. Tundu jipya likiwa milimita mbili tu kutoka kwa la zamani, ncha ya drili inateleza na kuingia kwenye tundu la zamani, na skrubu inakaa upande. Ili kazi iwe safi, ni lazima matundu ya zamani yazibwe kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi, yakauke, ndipo utoboe. Fundi mwenye subira ataifanya. Lakini kwa nini ulipie kazi hiyo wakati rula ya shule ingekuepusha nayo?

Kuhusu pikapu (si gari la mizigo, nazungumzia zile sumaku chini ya nyuzi), watu wanaogopa kupita kiasi. Uzi ukipita kando ya sumaku yake kwa milimita moja, wasikilizaji wako hawatajua. Usibadilishe daraja kwa sababu hiyo pekee.

Na kama uzi wa E tayari unaanguka pembeni, usikimbilie duka. Huenda shingo imesogea kwenye mfuko wake. Ikiwa imefungwa kwa skrubu nne nyuma, legeza nyuzi, legeza skrubu hizo kidogo, vuta shingo upande unaotakiwa, kisha kaza tena. Gharama ni sufuri.

Wenye gitaa za umbo la Les Paul wana unafuu. Nyuzi hukaa kwenye vijimfereji, na unaweza kununua daraja lisilochongwa ukaweka mifereji unapotaka. Pima tu umbali wa nguzo na unene wake.

Wa tremolo, pimeni pia kina cha mwili wa gitaa. Gitaa nyembamba haipokei kile chuma kirefu cha chini, kitatokeza mgongoni.

Ukishapata namba zako, ziandike kwenye simu. Muuzaji wa mtandaoni mwombe picha ya daraja likiwa na rula juu yake, namba zisomeke. Wa dukani, toa rula mfukoni upime mwenyewe kabla ya kulipa. Akikasirika, duka la pili liko mlango wa jirani.