Selimundu ni Ugonjwa wa Kwetu

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili hakufika kwenye jaribio. Alikuja ofisini siku nne baadaye, akaniamkia kwa shikamoo ya kunong'ona, akabaki amesimama huku ameshikilia kitasa cha mlango. Nilimwambia yale ambayo sisi walimu wa vyuo humwambia kila mtu: lete cheti cha daktari. Akajibu kwa upole kwamba cheti hana, kwa kuwa safari hii hakwenda hospitali. Maumivu yalimshika usiku wa manane hosteli. Akameza dawa zake, akanywa maji mengi, akajifunika mablanketi mawili katika joto la Mwanza, akangoja yapite. "Mwalimu," alisema, "ningekwenda, ningeanza upya kueleza mimi ni nani."

Nilimkatalia. Sikusema kwamba ni mwongo, lakini sikumwamini, na yeye aliliona hilo usoni mwangu. Wiki iliyofuata alirudi akiwa na daftari.

Lilikuwa daftari la kawaida la dukani, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ndani yake mlikuwa na mihuri ya zahanati, miandiko ya madaktari wasiopungua kumi, tarehe za kuongezewa damu, viwango vya himoglobini, na majibu ya kipimo cha moyo. Hilo lilikuwa la tatu. La kwanza lililoa kwenye boti na la pili lilijaa. Kila alikopelekwa alilifungua, akamwonyesha daktari mgeni ukurasa unaohusika, akajieleza kwa lugha ya kitabibu ambayo mimi, mwenye shahada zangu, nilihitaji kufafanuliwa. Binti wa miaka ishirini na mmoja alikuwa ndiye kumbukumbu pekee ya ugonjwa wake mwenyewe.

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Chembe nyekundu za damu, zinazopaswa kuwa za mviringo na laini, hujipinda mfano wa mundu, zikakakamaa na kuziba mishipa midogo. Sehemu iliyokosa damu huuma kwa ukali ambao wagonjwa wengi hukosa la kuufananisha nalo. Chembe hizo hazidumu, hivyo mgonjwa huishi na upungufu wa damu miaka yote, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kufidia kilichopungua, hadi kwa wengine unatanuka. Ndiyo sababu ya kile kipimo cha moyo katika daftari. Mtoto huupata ugonjwa huu pale tu anaporithi kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe huweza kuwa wazima kabisa, wasiwahi kulazwa hata siku moja, na kila mimba yao ikawa na uwezekano wa moja kwa nne wa kumpata mtoto mgonjwa.

Nasema ni ugonjwa wa kwetu kwa maana halisi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi, wenye kinasaba hicho walinusurika, wakazaa, wakakirithisha. Ufuo wa ziwa letu, pamoja na mabwawa yake, mafunjo yake na mashamba yake ya mpunga, umekuwa makazi ya mbu tangu kabla ya mababu zetu. Kilichowaokoa mababu ndicho kinachowaua baadhi ya vitukuu. Kati ya mwaka 2017 na 2018 watafiti wa Bugando walipima sampuli zaidi ya 17,000 za damu ya watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Katika kila watoto mia moja, zaidi kidogo ya mmoja alikuwa na selimundu, na takriban ishirini walibeba kinasaba kimoja. Ukiingia darasa lenye wanafunzi mia mbili hapa Mwanza, hesabu hiyo inakuambia kwamba huenda arobaini kati yao wamekibeba bila kujua. Nami nilikuwa nimefundisha madarasa ya namna hiyo kwa miaka, nikidhani selimundu ni habari za wodi za watoto.

Nilipopata haya ya kutosha nilimwomba anisimulie, naye ameniruhusu kuyaandika haya bila jina lake. Yeye ni mtu wa visiwani. Alipokuwa na miezi saba vidole vya mikono na miguu vilivimba. Bibi yake upande wa baba alisema ni kijicho, akachanjwa chale. Zahanati ilisema ni malaria, akapewa dawa ya malaria. Homa ikarudi, akapewa tena. Alikuwa na miaka sita ndipo mganga msaidizi kijana, aliyekuwa amehamia karibuni, alipotazama njano ya macho yake na kumwandikia rufaa. Majibu yalipotoka baba akatangaza kwamba kwao hakuna ugonjwa huo, basi umetoka kwa mama. Aliondoka muda si mrefu. Laiti mtu mmoja mwenye koti jeupe angemketisha yule bwana na kumweleza kwamba bila yeye mtoto asingeugua! Nimesikia tangu wakati huo kisa hichohicho kutoka kwa akina mama wengine watatu, tofauti ikiwa ni jina la kijiji tu.

Kuhusu kliniki ya mabingwa hana ila shukrani, na ni haki niseme hivyo kabla ya kulalamika. Huko alijulikana kwa jina. Huko alianzishiwa haidroksiyurea, kidonge kilichoanza kama dawa ya saratani na ambacho utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba hupunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria, na vifo vya watoto wenye selimundu. Kabla ya kidonge hicho alikuwa akilazwa kila baada ya miezi miwili. Baada yake alimaliza kidato cha nne bila kulazwa hata mara moja.

Taabu ilikuwa ni yote yaliyoizunguka kliniki hiyo. Kufika kulimgharimu mama yake nauli ya meli, usiku mmoja kwa ndugu mjini, na siku mbili za biashara yake ya dagaa. Dawa ilipokosekana dirishani aliandikiwa akanunue nje. Mwezi Machi 2023 Toto Afya Kadi, bima ya shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto, iliposimamishwa, yeye alikuwa ameshavuka umri wake, lakini mdogo wake, mgonjwa kama yeye, alibaki mikono mitupu. Kadi hiyo imerejeshwa baadaye. Ugonjwa wa kurithi, hata hivyo, haukusimama kungoja.

Kisha akatimiza miaka kumi na minane, akaaga kliniki ya watoto. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, pana aibu yetu kubwa, nayo si ya kukosa fedha. Usiku mmoja alipelekwa hospitali moja, nisiyoitaja, akilia kwa maumivu ya mgongo na mapaja. Muuguzi wa zamu alimtambua, akamwambia: "Wewe dada, juzi tu ulikuwa hapa. Umeshazoea sindano." Akaachwa kwenye benchi hadi alfajiri. Tangu siku hiyo aliapa kuyamaliza maumivu yake kitandani hosteli, na ndiyo maana hakuwa na cheti cha kunipa. Niliposikia hayo nilijiona nimekaa benchi moja na muuguzi yule. Yeye alihitaji jeraha linaloonekana, mimi nilihitaji muhuri.

Wapo watakaoniambia kwamba nchi yetu haijalala. Ni kweli. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na wanaofaulu hupona kabisa. Nilishangilia kama wengine. Lakini upandikizaji unahitaji ndugu anayelingana, wodi maalumu na fedha nyingi, na kwa miaka mingi ijayo utawafikia wachache. Wengine watategemea mambo ya kawaida kabisa: kugunduliwa mapema, penisilini ya kila siku hadi umri wa miaka mitano, chanjo, haidroksiyurea, damu salama benki, na mhudumu anayejua anachokiona. Mambo hayo hayakatiwi utepe.

Nazungumzia utepe kwa sababu. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji ya ziwa. Silibezi daraja hilo. Mgonjwa wa Sengerema au Geita aliyekuwa akingoja kivuko ndani ya gari la wagonjwa sasa anavuka kwa dakika chache. Nilikumbuka jioni tu, nikiwa nimeshatazama sherehe yote kwenye televisheni, kwamba tarehe 19 Juni ndiyo Siku ya Selimundu Duniani. Hatukushindwa kuvusha malori juu ya ziwa. Je, kuvusha kidonge ndiko kunakotushinda?

Jibu lipo katika utafiti ule wa Bugando, na wasomaji wake wengi huenda walilipita bila kuliona. Sampuli zile 17,000 hazikukusanywa upya. Zilikuwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokuwa yameshachukuliwa katika zahanati na vituo vya afya kwa ajili ya kuwapima VVU watoto waliozaliwa na mama wenye maambukizi, yakasafirishwa hadi maabara moja. Yaani njia ya kutoka kijijini hadi Bugando ipo, inapitika, na tulijifunza kuitumia kwa ugonjwa mwingine. Kwa VVU tulifanya zaidi: tuliishusha dawa kutoka hospitali za rufaa hadi zahanati, tukawafunza wauguzi, tukaacha kumtaka mgonjwa asafiri kutwa nzima kufuata vidonge. Hakuna aliyesema zahanati haziwezi.

Basi naomba yaleyale. Mtoto apimwe selimundu kwenye kliniki ya mama na mtoto, siku ileile anapopata chanjo zake, hapa Kanda ya Ziwa kabla ya kwingine kokote. Bingwa abaki mlimani kwa ajili ya kiharusi, moyo na mambo mazito. Dawa ya kila mwezi itoke karibu na nyumbani. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 isije ikatekelezwa kwa namna itakayompa mgonjwa huyu kadi isiyo na haidroksiyurea ndani yake. Mimi kipimo changu ni Kituo cha Afya Bwisya, katika kisiwa cha Ukara. Kilipanuliwa kwa fedha za rambirambi baada ya MV Nyerere kupinduka karibu na hapo Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya mia mbili. Siku mtoto wa Ukara atakapochukua dawa yake Bwisya, mwezi baada ya mwezi bila kukosa, bila mama yake kupanda chombo, nitaandika makala nyingine ya kupongeza.

Upande wetu wa vyuo hatuhitaji kusubiri wizara. Nililipeleka suala hili kwenye kikao cha idara, nikapendekeza kwamba mwanafunzi mwenye ugonjwa wa kudumu aandikishwe mara moja tu anapojiunga, kisha asidaiwe cheti kipya kila anapougua. Mwenzangu mmoja alihofu kwamba wengi watajifanya wagonjwa. Tulibishana kwa saa nzima, na pendekezo likapita kwa kura chache. Binti yule alifanya jaribio lake mwezi uliofuata, ofisini kwangu, chupa ya maji mezani na sweta mabegani. Alipata alama kuliko wengi waliolifanya kwa wakati. Sasa amehitimu na anafundisha sekondari upande wa pili wa ziwa. Juzi alinipigia simu kuniambia kwamba yuko kwenye daftari la tano, na kwamba darasani kwake kuna mvulana ambaye kila wiki ya mvua huwa hayupo.