Kinga Isiachwe, Choo Kisigeuzwe Jaa

Riyadh ni mji wa takriban watu milioni 7 uliojengwa jangwani, mbali na bahari na bila mto. Sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa ni ya bahari ya Ghuba, yaliyoondolewa chumvi Jubail na Ras al-Khair, kisha yakasukumwa kwa mabomba zaidi ya kilomita 400 hadi kwenye uwanda wa juu ulipo mji. Yakishatumika hushuka kusini, upande wa bonde la Wadi Hanifa, na kwa miongo kadhaa mitambo mikubwa ya kusafisha majitaka ya mji huo imekuwa Manfuha. Jina hilo Waafrika Mashariki walio Saudi Arabia wanalifahamu kwa sababu nyingine. Manfuha ni mtaa wa wahamiaji, Wahabeshi wakiwa wengi, na ndiko kulikozuka machafuko ya Novemba 2013 wakati wa msako wa wageni wasio na vibali. Kwa hiyo sehemu ya kinachotupwa chooni katika nyumba za kifahari za mji husafiri chini ya ardhi mpaka jirani na makazi ya watu wa kipato cha chini kabisa. Kondomu, pedi na vitambaa vya kujipangusia ni sehemu ya mzigo huo, na ni sehemu ambayo watu huona haya kuizungumza.

Siku hizi mjadala wa mazingira umeingia hadi chumba cha kulala. Watu huuliza kama kondomu inaoza, kama vidonge vya uzazi wa mpango vinachafua maji, kama pedi za kutupa ziachwe, na kama mafuta ya asili ni bora kuliko vilainishi vya dukani. Ni maswali ya haki. Lakini majibu yanayosambazwa mara nyingi huanza upande usio wake: humtaka mtu abadilishe kinga kabla hajaulizwa anaitupa wapi. Naamini mpangilio sahihi ni kinyume chake. Hatua ya kwanza ya kuhifadhi mazingira katika unyumba na afya ya uzazi ni kuacha kutumia choo kama jaa. Ya pili ni kuchagua vifaa vinavyodumu, kwa yule mwenye uwezo na mazingira ya kuvitumia kwa usalama. Na popote inapoonekana kwamba kinga ya mwili na usafi wa mazingira vinavutana, kinga ndiyo itangulie.

Tuanze na choo, kwa kuwa hapo ushahidi uko wazi. Mabomba ya majitaka yametengenezwa kupitisha maji, kinyesi na karatasi laini inayosambaratika. Kondomu haisambaratiki. Mpira wake unatokana na utomvu wa mti, ni kweli, lakini umechanganywa na kemikali za kuuimarisha, na ndani ya maji huoza polepole mno. Pedi ni tatizo zaidi: sehemu kubwa yake ni plastiki, na kiini chake kimeundwa kunyonya maji na kuvimba, jambo ambalo ndani ya bomba huleta balaa. Mwaka 2017 mafundi wa London walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel bonge la mafuta yaliyogandamana na vitambaa, nepi, pedi na kondomu. Lilikuwa na urefu wa takriban mita 250 na uzito wa tani 130, na kuliondoa kulichukua wiki kadhaa. Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi hazijaunganishwa na mfumo wa majitaka, taka hizo hizo hujaza vyoo vya shimo kabla ya wakati na kuziba mipira ya magari ya kunyonya majitaka, hata mtu akalazimika kuingia shimoni kuzitoa kwa mikono. Mji Mkongwe wa Zanzibar majitaka yameingia baharini kwa muda mrefu bila kusafishwa. Mahali hubadilika, lakini anayekuja kushika kilichotupwa kwa siri ni yule yule: kibarua.

Saudi Arabia yenyewe imeonyesha pande zote mbili za jambo hili. Jeddah, mji uliokua haraka kuliko mabomba yake, ulitegemea malori ya kunyonya majitaka kwa miaka mingi, nayo yaliyamwaga mashariki mwa mji mpaka likatokea ziwa zima, ziwa la Misk. Mafuriko ya Novemba 2009 yalipoua zaidi ya watu 100, hofu kubwa iliyowashika wakazi ilikuwa kwamba ukuta wa ziwa hilo ungepasuka na kuuzamisha mji kwa uchafu wake wenyewe. Baadaye likakaushwa. Riyadh ilikwenda njia nyingine: bonde la Wadi Hanifa, lililokuwa limegeuzwa jaa la vifusi na mkondo wa maji machafu, lilisafishwa, likapandwa miti, na likawekewa mfumo wa kutakasa maji kwa mawe, hewa na viumbe hai. Mradi huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2010. Leo familia hupumzika kando ya mkondo huo, na maji yaliyosafishwa hunywesha mashamba. Katika nchi kama hiyo maji ni ya thamani mno kupotezwa. Sehemu ya yanayotoka chooni hurudi kwenye udongo. Kutupa kondomu au pedi kwenye pipa, ikiwa imefungwa vizuri kwenye karatasi, hakugharimu chochote, hakumpunguzii mtu kinga yake hata chembe, na huanza kuleta faida siku hiyo hiyo.

Upande wa kinga wenyewe unahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu neno “asili” linaweza kuua. Pwani yetu mafuta ya nazi yana heshima ya karne nyingi, na mtu anaweza kudhani kwamba kuyatumia pamoja na kondomu ni kuchagua kitu cha miti badala ya kitu cha kiwandani. Lakini mafuta hudhoofisha mpira wa kondomu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba mafuta ya madini, yale yanayopatikana katika losheni na mafuta mengi ya kujipaka, yaliondoa takriban asilimia 90 ya nguvu za mpira huo ndani ya sekunde 60. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza vilainishi vya maji au vya silikoni. Kondomu zinazotengenezwa kwa utumbo wa kondoo huoza upesi na huzuia mimba, lakini vitundu vyake vinapitisha virusi, vikiwemo VVU. Kuosha kondomu na kuirudia ni hatari kiasi kwamba mwaka 2018 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ililazimika kuwaonya watu waziwazi waache. Katika yote haya, mwenye kutaka kuiokoa dunia kilo chache za taka anajiingiza katika maradhi ambayo matibabu yake ni ya maisha yote, na matibabu hayo nayo yana viwanda, vifungashio na safari zake. Kondomu moja iliyotumika sawasawa, kisha ikatupwa panapostahili, ni miongoni mwa vitu vyenye madhara madogo kabisa kwa mazingira ukilinganisha na kile inachokizuia.

Palipo na nafasi halisi ya kupunguza taka ni kwenye vifaa vya kudumu. Kikombe cha hedhi cha silikoni kinaweza kutumika hadi miaka 10, na kati ya hedhi moja na nyingine kinahitaji kuchemshwa tu. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa katika jarida la Lancet Public Health mwaka 2019 yaliona kwamba ni salama na kinafanya kazi sawa na vifaa vingine au zaidi. Magharibi mwa Kenya, utafiti wa awali miongoni mwa wasichana wa shule, uliochapishwa mwaka 2016, uligundua kwamba waliopewa vikombe au pedi walikuwa na magonjwa ya zinaa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao waliobaki na walivyozoea. Uganda, pedi za kufua zimekuwa zikishonwa na kuuzwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Kwa upande wa kupanga uzazi, kitanzi cha shaba kinaweza kukaa miaka 10 au zaidi, na vijiti miaka 3 hadi 5, bila pakiti za kila mwezi. Ni vitu vizuri. Lakini havizuii VVU wala kisonono, kwa hiyo aliye katika hatari hiyo bado anahitaji kondomu. Tena kila kimoja kina masharti yake. Pedi ya kufua inahitaji maji ya kutosha, sabuni, na jua la kuikausha kabisa. Dada anayefanya kazi za ndani Riyadh, anayelala chumba kisicho na dirisha, anayeshiriki bafu na wengine na asiye na kamba ya kuanikia mbali na macho ya watu, hawezi kuambiwa kwamba pedi ya kutupa ni kosa. Mwenye wajibu hapo ni mwajiri: pipa lenye kifuniko bafuni, mahali pa faragha pa kufulia, na fedha za kununua mahitaji ya hedhi bila kuomba.

Wapo watakaosema kwamba vidonge vya uzazi wa mpango ndivyo hatari kubwa, na wana ushahidi ambao haupaswi kupuuzwa. Huko Ontario, Kanada, watafiti waliweka homoni ya vidonge katika ziwa moja kuanzia mwaka 2001, kwa kiwango kidogo sana; madume ya samaki yakaanza kuonyesha dalili za kike, na kundi la samaki wadogo likakaribia kutoweka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Somo lake hata hivyo si kwamba mwanamke aache vidonge. Homoni za namna hiyo hutoka pia katika mikojo ya wanawake wote, wajawazito hasa, na katika mifugo, na mchango wa vidonge ni sehemu ndogo ya jumla. Tena kundi hilo la samaki lilirejea baada ya homoni kuacha kuwekwa. Dawa ya tatizo hilo ni mitambo bora ya kusafisha majitaka, pamoja na mazoea ya kutotupa vidonge vilivyobaki chooni na badala yake kuvirudisha kwenye duka la dawa au kituo cha afya. Mzigo wa mtambo usiotosha usitwikwe mwili wa mwanamke.

Kuna hoja nyingine inayozunguka, yenye sura ya hekima: kwamba uzazi wa mpango ndio mchango mkuu wa Mwafrika katika kuokoa hali ya hewa. Naipinga. Mtu mmoja Saudi Arabia, kwa wastani, huhusishwa na tani 18 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mtanzania au Mkenya hafiki hata nusu tani. Mama wa Mtwara au Kakamega anayepanga uzazi anafanya hivyo kwa ajili ya afya yake, ya watoto wake na ya mfuko wa nyumba, na sababu hizo zinatosha. Tukianza kumhesabia watoto kama moshi, tutakuwa tumemfanya alipe deni la wengine, na tutawapa silaha wale wanaodai kwamba uzazi wa mpango ni njama ya kigeni. Huduma hiyo imejengwa juu ya hiari ya mtu. Mazingira yanaweza kumsaidia kuchagua kati ya njia mbili zinazomfaa. Hayana haki ya kumshurutisha.

Watasema pia kwamba haya ni mambo ya sitara, hayastahili gazeti, sembuse katika nchi yenye miji mitakatifu ya Uislamu. Sitara ni jambo jema, na faragha ya ndoa ilindwe. Lakini dini ile ile inayofundisha kuona haya inafundisha pia twahara ya mwili na maji, na kutofuja maji hata wakati wa kutawadha. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wameruhusu mume na mke kupanga uzazi kwa makubaliano. Kueleza mahali pa kutupa pedi ni elimu ya twahara, na aibu kubwa zaidi ni kumwachia mtu mwingine azitoe kwenye chujio la mtambo. Na kwa anayesema jambo hili ni dogo mbele ya uchafuzi wa mafuta na ndege, na mbele ya kazi za ndani za saa kumi na nane kwa siku, namkubalia kuhusu ukubwa wa hayo. Hakuna hata moja litakaloondolewa na pipa la bafuni. Lakini mfanyakazi aliyepewa pipa hilo, elimu ya mwili wake na haki ya kwenda zahanati, amepewa pia sehemu ya heshima anayoidai katika hayo makubwa.

Yanayohitajika yanajulikana. Viwanda viandike kwenye pakiti za kondomu na pedi, kwa lugha ambazo watumiaji wanazisoma, Kiswahili na Kiamhari zikiwamo, kwamba kifaa hiki hakitupwi chooni. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004. Serikali zetu zitoe nafuu hiyo hiyo kwa vikombe na pedi za kufua, na zisirudishe kodi kama Tanzania ilivyofanya mwaka 2019, mwaka mmoja tu baada ya kuifuta. Mafunzo wanayopewa wafanyakazi kabla ya kusafiri kwenda Ghuba yasiishie kwenye mashine ya kufulia na jiko la umeme. Yafundishe hedhi salama, kinga dhidi ya magonjwa ya zinaa, na haki ya kuhudumiwa. Wanaume nao washike nafasi yao, maana kondomu ni yao kuivaa na ni yao kuitupa. Mtu akifanya hivyo amelinda afya yake, ya mwenziwe, na ya kibarua wa Manfuha, au wa Buguruni jijini Dar es Salaam, ambaye hatamjua kamwe, bila kulazimika kuchagua kati yao.