Kabla Mtoto Hajapanda Jukwaani, Tulisome Tangazo Pamoja Naye

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Anayeishi hapa kwetu Rusizi anajua kwamba matangazo mengi hubandikwa kwenye njia ya mpakani. Ukishuka kutoka Kamembe kuelekea kivuko cha Rusizi I utaona makaratasi ukutani na kwenye nguzo za umeme: duka jipya limefunguliwa, kuna mechi Jumapili, na kila baada ya muda, mashindano ya kuimba yanawatafuta vijana wenye vipaji. Vijana husimama wakasoma mpaka mwisho. Sisi wakubwa tunatazama mara moja, tunasema "astaghfirullah," tunaendelea na safari. Makala hii inahusu kule kupita kwetu.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na mwanafunzi, hatutamtaja jina, ambaye akianza kusoma Suratu Maryam darasa zima lilinyamaza, hata wale watundu wa nyuma. Siku moja baada ya Alasiri alitujia na karatasi ya namna hiyo mkononi, akasema, "Maalim, naomba ushauri." Hatukumwacha amalize. Tulimwambia hayo ni mambo ya walevi na karatasi hiyo isionekane tena madrasani. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema "ndiyo Maalim." Nasi tukadhani tumefanya kazi yetu ya ulezi.

Kumbe alijiandikisha kwa siri. Akalipa ada. Akavuka duru ya kwanza kwa sauti yake, lakini duru ya pili iliamuliwa kwa kura za ujumbe wa simu, na kila ujumbe ulikuwa na bei yake. Mama yake alikuwa akivusha nyanya na kabichi kwenda kuuza Bukavu, na mtaji wake ulikuwa ndani ya kopo chini ya kitanda. Kwa siku nne mtaji ule wote uligeuka vocha za simu. Kijana hakushinda. Mama alikaa nyumbani karibu mwezi mzima bila kuvuka mpaka, hadi majirani walipomchangia. Kijana naye akaacha kuja madrasa, si kwa chuki bali kwa aibu.

Baadaye tulipoipata karatasi ile tukaisoma, tuliona kwamba kila kitu kilikuwa kimeandikwa: ada, bei ya kura, na kwamba fedha hazirudishwi. Vyote vilikuwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Lau tungeketi naye dakika kumi tu, tungeyaona pamoja. Hatuwezi kuwalaumu waandaaji peke yao. Mtoto alikuja kuomba ushauri, nasi tukampa makaripio.

Hatuandiki hapa hukumu ya ala za muziki. Wanazuoni wamelizungumza jambo hilo kwa urefu, na mwenye swali amuulize sheikh wake. Tunachosema ni hiki: mashindano haya yapo, yanatangazwa kwa watoto wetu mchana kweupe, na mtoto anayekatazwa bila kuelezwa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha. Kwa hiyo likija tangazo, mzazi aketi na mwanawe na wajiulize maswali matatu.

La kwanza: nani anayelipa, na anauza nini? Tuchukue mifano inayojulikana na kila mtu. Mwaka 2006 yalianza mashindano ya Tusker Project Fame, yaliyokuwa yakifanyika Nairobi. Mwaka 2009 yalishindwa na kijana wa Rwanda, Alpha Rwirangira, na nchi nzima ilifurahi. Kisha hapa kwetu, tangu 2011 hadi 2018, kukawa na Primus Guma Guma Super Star, ambayo wanamuziki wake walizunguka wilaya kwa wilaya na kujaza viwanja. Sasa hebu tuyasome majina yenyewe. Tusker ni bia ya Kenya. Primus ni bia inayotengenezwa na Bralirwa, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1957 kule Gisenyi. Kila mtoto aliyetaja jina la mashindano alitaja jina la bia kwanza, ndipo akafika kwenye wimbo. Mwenye kiwanda hakutoa fedha zake kwa kuzipenda nyimbo. Alinunua midomo ya vijana, na mdomo wa kijana ni tangazo linalotembea hadi ndani ya nyumba isiyokuwa na hata chupa moja.

Mtume (Swalla Allaahu alayhi wasallam) alipoizungumzia pombe hakumtaja mnywaji peke yake. Aliwataja pia anayeikamua, anayeibeba, anayeiuza na anayekula thamani yake. Basi tujiulize, yule anayeiimbia jukwaani yuko karibu na nani katika hao?

Lakini tuwe waadilifu. Si kila mashindano yanatoka kiwandani. Mwaka 2018 Imbuto Foundation kwa kushirikiana na serikali ilianzisha ArtRwanda-Ubuhanzi, ikiwatafuta vijana wenye vipaji vya sanaa mbalimbali, muziki ukiwa mmojawapo, katika mikoa yote ya nchi. Hapo hakuna jina la chupa. Mzazi anayeyatia yote katika kapu moja humpa mtoto sababu ya kusema kwamba baba hajui analolizungumza, na mtoto huyo atakuwa amesema kweli.

Swali la pili: mshindi anapatikanaje? Kama ni majaji wanaosikiliza, hiyo ni njia moja. Kama ni kura za simu, basi anayeshinda ni mwenye jamaa wengi na mifuko mizito, na sauti inakuja nyuma yao. Kijana wa mtaa wetu atashindana na mtoto wa tajiri wa Kigali kwa vocha, si kwa koo. Na fedha za kura huliwa hata na aliyeshindwa akipiga, hazirudi.

Swali la tatu: mshindi anatia saini nini? Watoto huiona zawadi, hawauoni mkataba. Wimbo utakuwa wa nani? Picha yake itatumika wapi, na kwa muda gani? Atatakiwa kusafiri siku za mitihani? Atakuwa jukwaani saa ngapi, na swala itakuwa wapi? Aliye chini ya miaka 18 asitie saini chochote bila mzazi, na mzazi asitie saini asichokisoma. Asiyejua lugha ya mkataba amtafute anayeijua. Si aibu.

Nanyi wanafunzi wetu tunawaambia hili. Mshindi wa kwanza wa Guma Guma mwaka 2011 alikuwa Tom Close. Wengi mnaujua muziki wake, wachache mnajua kwamba alisomea udaktari, akauhitimu, na akafanya kazi katika huduma ya taifa ya damu salama. Hakutupa vitabu kwa sababu ya makofi. Alpha naye baada ya ushindi wake alikwenda Marekani kusoma chuo kikuu. Hatuwataji hao ili muige nyimbo zao. Tunawataja kwa sababu hata walioshinda waliona kwamba makofi hayatoshi kuwa maisha. Na kwa kila mmoja aliyeshinda, hesabuni mamia waliojipanga foleni wakarudi nyumbani kimya.

Tumebakiwa na jambo moja, na hili linatuuma sisi walimu na maimamu. Tumewaambia watoto sauti zao zisiende kule. Je, tumezipa pa kwenda?

Imepokewa katika vitabu vya Hadithi kisa cha Abu Mahdhura (Radhiya Allaahu anhu). Alikuwa kijana wa Makka aliyekuwa pamoja na wenzake, wakamsikia mwadhini wa Mtume, nao wakawa wanaiiga adhana kwa kuifanyia mzaha. Mtume akawasikia, akaagiza waletwe. Akawaadhinisha mmoja baada ya mmoja, akawasikiliza. Alipofika kwa Abu Mahdhura aliijua sauti ile nzuri. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alimkalisha mbele yake, akampangusa kichwa, akamwombea baraka, akamfundisha adhana neno kwa neno, kisha akampa kazi ya kuadhini Makka. Kijana aliyekuja na kejeli akaondoka na amana. Mtume aliisikia sauti ndani ya mzaha. Sisi tulisikia mzaha tu, na mwanafunzi wetu hata mzaha hakufanya.

Misikiti yetu mingi kipaza sauti kina wenyewe, watu wazima watatu au wanne, mwaka hadi mwaka. Kijana akikigusa anaambiwa atakiharibu. Kaswida hutayarishwa haraka haraka wiki mbili kabla ya sherehe, halafu basi. Kisha tunashangaa mtoto akivutwa na jukwaa lenye taa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, yasiyohitaji mfadhili. Kila msikiti utenge siku ambayo adhana ya Alasiri inaadhiniwa na vijana kwa zamu. Kila madrasa iwe na mashindano ya qiraa na kaswida kila muhula, yenye majaji wanaoijua tajwidi, bila ada na bila kura za simu, na zawadi iwe daftari, msahafu au karo ya mwezi mmoja. Mabinti nao wapate nafasi yao katika vikao vya akina mama, maana Allah hakugawa sauti nzuri kwa wavulana peke yao. Na mtoto akija na karatasi mkononi, mwalimu aseme kwanza, "Keti, tusome."

Yule mwanafunzi wetu sasa ni mtu mzima na ana watoto. Mwaka jana alimleta mwanawe wa kwanza madrasani. Hakusema mengi, nasi tulimwomba radhi mbele ya mtoto wake. Mtoto ameirithi sauti ya baba yake, na Jumamosi iliyopita tulimpa kipaza sauti.

Tunamwomba Allah azihifadhi sauti za watoto wetu, na atupe sisi masikio ya kuzisikia. Wabillaahi tawfiiq.