Foleni ya Kasumulu inalipwa na mkulima wa Rungwe

MKUNGU wa ndizi ukishakatwa shambani hauna subira. Wahenga walisema kawia ufike, lakini walikuwa wakimwasa msafiri, si ndizi. Ndizi iliyokawia hufika ikiwa imeiva, na iliyokawia zaidi hufika ikiwa ya kutupwa.

Hili ni jambo la kukumbukwa kila zinapozungumzwa foleni za mipakani, kwani mara nyingi mjadala huo huishia kwa madereva wa malori na abiria wa mabasi. Mkulima aliyebaki shambani Wilaya ya Rungwe hatajwi, ingawa yeye ndiye anayelipa sehemu kubwa ya gharama.

Barabara kuu inayotoka Uyole, Mbeya, hupita Kiwira, Tukuyu na Ushirika, kisha huteremka Kyela hadi Kasumulu, ambako Mto Songwe unatenganisha Tanzania na Malawi. Kutoka Tukuyu hadi mpakani ni safari ya saa chache tu hata kwa Fuso lililojaa mzigo. Baada ya hapo safari haipimwi tena kwa kilomita, bali kwa mihuri.

Mpaka huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wao wa mwaka 1890. Waliouchora hawakuwauliza Wanyakyusa wa upande huu wala Wangonde wa Karonga, ambao ni ndugu na wanaelewana kwa lugha. Hadi leo watu huvuka kwenda msibani, harusini na sokoni.

Abiria wa basi liendalo Mzuzu au Lilongwe anaijua vizuri adha ya kuvuka mpaka wenye vituo viwili. Hushuka na kupanga foleni ya kugongewa muhuri wa kutoka, kisha huvuka daraja na kupanga foleni nyingine ya kuingia. Mizigo hushushwa ikaguliwe, na basi haliondoki hadi abiria wa mwisho amalize. Mmoja akikosa hati, wote wanasubiri.

Mzigo wa mazao nao huenda hivyo hivyo. Wafanyabiashara wadogo wa ndizi hawana uwezo wa kukodi lori kila mmoja peke yake, kwa hiyo huchangia. Kati ya wanane waliopakia gari moja, mmoja akikosa cheti, ndizi za wenzake saba zinabaki juani pamoja na zake.

Juani si neno la kupamba maelezo. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na hali yake ya hewa ni ya baridi na mvua nyingi. Kyela iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa karibu mita 500, na joto lake linafahamika. Ndizi iliyokatwa mbichi kwenye baridi ya Rungwe hushushwa kwenye joto hilo na kuanza kuiva ndani ya gari, ikiwa imebanwa na nyingine juu na chini yake. Gari likisimama, hata upepo wa safari haupo.

Kuna saa nyingine inayopotea ambayo si wengi wanaoihesabu. Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Inapogonga saa mbili asubuhi Kasumulu, ng'ambo ya mto ni saa moja. Ofisi za pande mbili zikifuata kila moja saa ya kwao, asubuhi mzigo unamsubiri ofisa wa Malawi, na jioni unakuta ofisa wa Tanzania amekwishafunga.

Hesabu ya mkungu

Gharama ya kusubiri humfikia mkulima kwa njia ya bei. Mfano rahisi wa hesabu, wenye tarakimu za kukadiria tu, unatosha kuonyesha.

Chukua lori lenye mikungu 400 ambayo ng'ambo itauzwa kwa thamani ya Sh 10,000 kila mmoja. Mapato ni Sh milioni 4. Usafiri na gharama nyingine ni Sh milioni 1.2, na mfanyabiashara anataka abakize Sh 400,000. Kinachobaki cha kuwalipa wakulima ni Sh milioni 2.4, sawa na Sh 6,000 kwa mkungu.

Sasa mfanyabiashara huyo akijua kwa uzoefu kuwa mkungu mmoja katika kila kumi utaharibika mpakani, mapato anayotarajia yanashuka hadi Sh milioni 3.6. Nauli ya lori haipungui, na faida yake haiachi. Mkulima anabakiwa na Sh 5,000 kwa mkungu. Ikiongezwa siku moja ya kulilipia gari, dereva na utingo, tuseme Sh 200,000, bei ya shambani inakuwa Sh 4,500.

Kwa maneno mengine, hasara ya sehemu moja ya kumi njiani, pamoja na siku moja ya foleni, imemwondolea mkulima robo ya bei yake. Mkulima huyo hajawahi kufika Kasumulu, na hajui kwa nini mnunuzi wa wiki hii ana bei mbaya kuliko wa wiki iliyopita. Humwita mlanguzi. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingine mlanguzi ni foleni.

Ndiyo maana si sahihi kuichukulia kero ya mpaka kuwa ni suala la Uhamiaji na Forodha peke yao. Saa za mpakani ni suala la kilimo, kama ilivyo mbolea au mbegu.

Soko lipo

Ikumbukwe kwamba soko la Malawi kwa ndizi za Tanzania halikutokana na bahati. Kuanzia miaka ya 1990 ugonjwa wa virusi unaodumaza migomba na kuyasonganisha majani yake kileleni uliingia Malawi na baadaye ukaangamiza mashamba mengi. Nchi iliyokuwa ikijilisha ndizi ikawa inazinunua Tanzania na Msumbiji, na Rungwe iko karibu.

Lakini soko la jirani linaweza kufungwa kwa tangazo moja. Mei 2020, wakati wa janga la corona, Zambia ilifunga kwa siku kadhaa mpaka wake wa Nakonde, unaopakana na Tunduma. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kadhaa za chakula, zikiwamo ndizi, mchele, mahindi, unga na tangawizi. Mwezi uliofuata aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alijibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini kuingia nchini, na mbolea kupitishwa kwenda Malawi. Zuio hilo liliondolewa siku chache baadaye ili kupisha mazungumzo.

Kila upande ulikuwa na hoja zake. Malawi ilikuwa na upungufu wa fedha za kigeni na ilitaka kuwalinda wakulima wake wanaofufua migomba. Tanzania ilikuwa na wakulima ambao soko lao lilikatika ghafla. Hata hivyo, mkungu uliokatwa siku moja kabla ya tangazo haukuwa na pa kukata rufaa.

Kati ya jumuiya mbili

Mfanyabiashara mdogo wa Kasumulu ana tatizo jingine ambalo mwenzake wa Namanga au Mutukula hana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi kwa mizigo midogo yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ambapo mwenye mzigo hutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Malawi na Zambia si wanachama wa Jumuiya hiyo.

Soko la pamoja la Comesa nalo lina utaratibu wake wa kuwasaidia wachuuzi wa mipakani. Malawi na Zambia zimo, lakini Tanzania ilijitoa Comesa mwaka 2000. Nchi zote tatu zinakutana ndani ya SADC, ambayo eneo lake huru la biashara lilianza mwaka 2008. Nafuu ya ushuru ipo huko, lakini nafuu hiyo huja na karatasi ambazo kampuni kubwa ina wakala wa forodha wa kuzishughulikia. Mama mwenye mikungu 50 hana.

Asiyeweza karatasi ana njia mbili: kumlipa mtu wa kati asiye na stakabadhi, au kuvusha mzigo kwenye vivuko visivyo rasmi vya Mto Songwe. Njia zote mbili zinaikosesha Serikali mapato na takwimu, na kumwacha mfanyabiashara bila ulinzi.

Jengo pekee halitoshi

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kituo cha pamoja cha forodha, ambapo msafiri husimama mara moja tu na kuwakuta maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Tanzania imekwisha kuwa na vituo hivyo Rusumo tangu 2016, Namanga tangu 2018 na Tunduma tangu 2019. Ni hatua ya kupongezwa.

Lakini Tunduma imefundisha kuwa jengo pekee halimalizi foleni. Hata baada ya kituo kufunguliwa, misururu mirefu ya malori yaendayo Zambia na Kongo imeendelea kuonekana, kwa sababu mzigo uliongezeka, barabara ni finyu, na mifumo ya kompyuta ikikwama upande mmoja, pande zote mbili zinasimama.

Kwa hiyo ipo haja ya kuanza na mambo yasiyohitaji saruji. La kwanza ni kukagua mzigo unakotoka. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) ikikagua na kutoa cheti Tukuyu siku za soko, gari linafika Kasumulu likiwa na karatasi zake, na anayekosa cheti anabaki Tukuyu badala ya kuwakwamisha wenzake saba.

La pili ni mstari wa peke yake kwa mazao yanayooza. Lori la saruji linaweza kulala mpakani bila saruji kupungua. Ndizi, maziwa na parachichi haviwezi. Kuvipanga pamoja si usawa.

La tatu ni pande mbili kukubaliana saa moja ya kufungua na kufunga, na kubandika ukutani orodha ya ada zote kwa Kiswahili, kwa lugha za jirani na kwa tarakimu zinazosomeka. Ada inayojulikana haina nafasi ya kuongezwa chini ya meza.

La nne ni muda wa kujiandaa. Nchi ina haki ya kulinda masoko yake, lakini zuio la mazao linapaswa kutangazwa mapema na kuruhusu mizigo iliyokwisha kupakiwa kupita. Hilo liandikwe kwenye makubaliano ya nchi jirani, lisitegemee simu za mawaziri.

Halmashauri za Rungwe na Busokelo, ambazo hukusanya ushuru wa mazao hayo, nazo zina wajibu. Habari za hali ya mpaka zikitangazwa kila asubuhi sokoni, mkulima ataamua kama akate leo au aache mkungu mgombani siku mbili zaidi. Hiyo ndiyo ghala pekee aliyonayo, na haina gharama.