Karakana Iwe Nyumbani, Isiwe Sebuleni

Seremala mwema hupima mbao kabla ya kuikata. Lakini ni wangapi kati yetu wanaopima mahali watakapoifanyia kazi mbao hiyo? Katika nyumba nyingi baba, au kijana aliyemaliza chuo cha ufundi, hupiga randa barazani, karibu na jiko la mama na mkeka wa mtoto. Mvua ikinyesha, kazi huhamia sebuleni. Maoni yangu ni kwamba familia inayotaka kuendesha useremala nyumbani haina budi kujenga karakana kwanza, mashine zifuate.

Sababu kubwa ni vumbi. Maranda ni mazito, huanguka chini. Unga wa msumeno, na hasa wa msasa, ni laini mno. Huelea hewani kwa muda mrefu, na sehemu yake iliyo ndogo kabisa haionekani kwa macho. Huwasha macho na ngozi, huleta mafua yasiyokwisha na huamsha pumu. Vumbi la mvule linajulikana kwa madhara hayo. Tena, mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Ugonjwa huu huchukua miaka mingi kujitokeza, ndiyo maana tunalidharau vumbi.

Wengine watauliza, fedha za kujenga zitatoka wapi? Karakana ya kufaa haihitaji anasa. Nguzo imara na mabati yatosha kuanzia. Chagua mahali ambapo upepo hautapeleka vumbi jikoni wala vyumbani. Acha nafasi wazi pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Sakafu iwe ya saruji, na mlango uwe na kufuli, kwa maana patasi na msumeno si vitu vya kuchezea watoto. Meza ya kurandia ilingane na kiganja chako ukisimama wima na kushusha mkono; mgongo wako utakushukuru. Swichi ya mashine iwe karibu, uweze kuizima bila kuruka waya.

Usifagie vumbi likiwa kavu. Nyunyiza maji kwanza. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii vumbi laini. Nunua barakoa ya kazi inayobana vizuri usoni. Ziba masikio unapowasha msumeno wa umeme, kwani sikio lililoharibiwa na kelele halirudi kama zamani. Matambara yenye mafuta ya kitani yaanike nje yakiwa yametandazwa, maana yakirundikwa huweza kushika moto yenyewe. Na akina mama, msipikie vipande vya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa: moshi na majivu yake huweza kuwa na sumu.

Mwisho, baba asimbebe mtoto kabla ya kuvua nguo za kazi na kunawa. Kiti kizuri tunaweza kukiuza na kutengeneza kingine. Pafu la mtoto haliuzwi dukani. Basi, kabla hujaweka akiba ya kununua mashine, weka akiba ya kibanda chake.