Samaki wa Skrini na Tarakilishi Mpya



Wasomaji wetu watukufu, kina mama na kina baba, juma hili naziweka kando barua mbili za mirathi ili nimjibu mama mmoja wa hapa Mnarani, ambaye swali lake kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo. Baba mkwe wake, mvuvi wa miaka mingi, amepooza upande mmoja, na kitanda chake kimewekwa ukumbini. Kando ya kitanda palikuwa na tarakilishi kuukuu, na kila ilipoachwa bila kuguswa kwa dakika chache, skrini yake iligeuka tangi la samaki. Mzee aliwatazama, akawataja kwa majina yao, akawasomesha wajukuu. Sasa tarakilishi ile imekufa. Imenunuliwa mpya, na samaki hawamo. Kijana wa nyumbani alijaribu kuihamisha programu ile ya kale, ikakataa kufunguka. Mama auliza: je, samaki wale wamepotea moja kwa moja? Na je, yafaa kuwarudisha, ilhali ni picha za viumbe wenye roho?

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Programu ya namna hii huitwa kihifadhi skrini, na jina hilo lina asili yake. Skrini za zamani, zile nene zenye mgongo kama wa kasa, zilikuwa na kioo kilichopakwa kwa ndani unga unaong'aa ukipigwa na umeme. Picha moja ikikaa mahali pamoja kwa saa nyingi, unga ule huchakaa pale pale, na kivuli cha picha hakitoki tena. Ndipo watu wakabuni picha zisizotulia. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ya Marekani ilitoa programu ya After Dark, iliyopata sifa kwa vyombo vya kuchomea mkate vilivyoota mbawa vikaruka kama njiwa! Walikuwamo na samaki, lakini walikuwa samaki wa katuni.

Samaki waliofanana na samaki walikuja na Jim Sachs, msanii wa Marekani aliyewahi kuwa rubani wa jeshi la anga, na ambaye mwaka 1986 alijulikana kwa michoro ya mchezo wa Defender of the Crown katika tarakilishi za Amiga. Takriban mwaka 2000 alitoa tangi lake, Marine Aquarium, kwa jina la SereneScreen. Mwaka uliofuata Microsoft ikatia toleo lake dogo katika kifurushi cha Plus! cha Windows XP, na kwa njia hiyo likaingia katika nyumba na ofisi nyingi za dunia. Kwa maelezo aliyoyatoa mama, naona ndilo hilo alilokuwa akilitazama mzee wetu.

Sasa, kwa nini kitu kilichofanya kazi vyema kikatae katika mashine yenye nguvu zaidi? Hapa yataka subira kidogo.

Samaki wa skrini hatengenezwi kama picha ya kalenda. Fundi husuka kwanza wavu wa pembetatu ndogo ndogo wenye umbo la samaki, kisha huuvika ngozi iliyochorwa: magamba, mistari, jicho. Tarakilishi huupinda wavu ule mara nyingi katika kila sekunde, na ngozi hufuata. Sisi tukitazama, twaona mkia unapunga. Mwaka 2000 mashine hazikuweza kubeba pembetatu nyingi, basi fundi alizihesabu kama mchuuzi ahesabuvyo chenji. Pezi ambalo lingehitaji mamia ya pembetatu lilipewa chache tu, na ufundi wa rangi ukaficha upungufu. Leo kuna kadi za michoro zenye kazi hiyo pekee, nazo huchora kwa wepesi ambao zamani haukuwapo. Kwa hiyo anayelihuisha tangi la kale huweza kumpa samaki mwili laini zaidi, pezi linalopitisha mwanga, na ule mng'aro wa mawimbi unaochezacheza juu ya mchanga jua la saa sita linapopenya maji ya kina kifupi. Wavuvi wanaujua. Kuuiga kwa hesabu ni kazi nzito.

Liko na suala la umbo. Skrini za wakati ule zilikuwa na upana wa nne kwa kimo cha tatu. Za sasa aghalabu ni kumi na sita kwa tisa. Ukiinyosha picha ya kale ijaze skrini mpya, kangaja hunenepa kama chewa. Hakuna njia ya mkato: tangi lazima lipanuliwe kweli, yachorwe mawe na matumbawe mengine ya kujaza pande mbili. Na ziko programu za zamani zilizopima mwendo wake kwa kasi ya mashine yenyewe. Ukizitia katika mashine ya leo, kila kitu hukimbia kama kimefukuzwa na papa. Fundi hana budi kuzifundisha upya zifuate saa.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linalowashinda wengi majumbani, ni lugha ya ndani ya mashine. Programu za mwanzo za Windows ziliandikwa kwa biti 16, zikafuata za 32, na tarakilishi za leo ni za biti 64. Windows ya biti 64 haifungui kabisa programu za biti 16, ingawa nyingi za 32 bado huzifungua. Upande wa Apple, mfumo wa Catalina wa mwaka 2019 ulizifungia mlango zote za 32. Programu yaweza kuwa nzima, haina kasoro hata moja, na bado isikutane na mtu wa kuielewa.

Mwenye tangi hakulitupa. Yalifuata matoleo mengine, na toleo la tatu likaja na aina zaidi za samaki na nafasi ya skrini pana. Hiyo ndiyo njia iliyonyooka kwako, mama: mwambie kijana aache kuhangaika na nakala ya kale, atafute toleo jipya kwa wenyewe, alilipie bei yake. Natilia mkazo kulipia. Vijana wetu hupeana namba za siri za kufungulia programu wasizozinunua na kuona ni werevu. Kazi ya mkono wa mtu ni mali yake, awe jirani wa Takaungu au mgeni wa Marekani.

Na ziko hatari za dunia pia. Faili la kihifadhi skrini katika Windows huishia na herufi scr, na kwa hakika yake ni programu kamili yenye uwezo wa kufanya lolote ndani ya tarakilishi. Wezi walilitambua hilo zamani. Picha nzuri ya bure kutoka mahali pasipojulikana yaweza kubeba kirusi kitakachosoma nywila zako, na katika nyumba ambamo mashine hiyo hiyo hutumika kwa mambo ya fedha, samaki hao watakula zaidi ya chambo.

Kuhusu umeme: skrini bapa za siku hizi nyingi hazihitaji tena kuhifadhiwa kwa picha inayotembea, na kuizima skrini ni akiba kuliko kuiacha ikichora. Zipo zile ziitwazo OLED ambazo zaweza kubakiwa na kivuli kama za kale, lakini nazo dawa yake bora ni kuzimwa. Basi nyumba isiyo na mgonjwa, zimeni. Kwa mzee, jambo ni jingine. Yeye haihifadhi skrini, aitazama. Iwekeni mahali asipogeuza shingo, mpunguze mwanga magharibi, na baada ya Isha izimwe apate usingizi.

Ama swali la picha, wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana juu ya picha za vyombo hivi. Wako wanaoziingiza katika katazo, na wako wanaoona kuwa mwanga unaopita juu ya kioo na kutoweka si sanamu wala si mchoro wa kudumu. Mimi naelemea kwenye wepesi, hasa kwa mgonjwa asiye na kiliwazo kingine, na asiyeridhika namheshimu. Isipokuwa skrini isielekezwe mbele ya anayeswali. Hilo sioni la kubishania. Hata mkeka wenye nakshi nyingi humshughulisha mtu.

Ajaye na shaka bado, ipo njia ya tatu. Jamii za samaki wa tangi lile, kina kangaja, vipepeo na kikande, ndio hawa hawa wa miamba yetu. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo katika Afrika, na kusini yetu wavuvi wa Kuruwitu walijitengea wenyewe tengefu, kiasi cha hektari 30 zisizovuliwa, baada ya kuona bahari yao imepungukiwa. Matumbawe ya pwani hii yaliungua sana kwa joto la maji la mwaka 1998, na baadhi ya sehemu zilichukua miaka kurudisha rangi. Kijana mwenye simu isiyoingia maji na mwalimu wa kupiga mbizi aweza kumletea babu yake filamu ya nusu saa kutoka huko, ikarudiwarudiwa katika skrini mpya bila kununua kitu.

Hata hivyo, jambo moja laniharakisha zaidi ya mengine katika barua hii. Mzee huwataja samaki kwa majina. Ajua tofauti ya kangaja na puju, ajua kwa nini kangaja hushikwa kwa hadhari, kwa kuwa ana kisu kwenye shina la mkia, na ajua ni mwezi gani pono hunenepa. Wajukuu wake, kama wengi wa watoto wetu, huyasikia majina hayo kwake tu. Basi kabla tangi halijawashwa, mpeni mmoja wao daftari na kalamu, akae kitandani na babu, na kila samaki apitaye aandikwe kwa tamko la mzee mwenyewe, pamoja na makazi yake, chambo chake na hatari yake. Kama ulimi wa mzee ni mzito, rekodini sauti, mwandike baadaye. Daftari likijaa, nileteeni msikitini baada ya Alasiri. Nitaomba ruhusa ya mzee lichapwe hapa kidogo kidogo.

Barua za mirathi zitajibiwa juma lijalo, insha'Allah. Wallahu a'alam.